Nilichomwambia Mama Doreen Kuhusu Wewe

Nyahanga, Kahama
Jumapili, jioni

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana si muda mrefu nimekuona kwa macho yangu ukitoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Niko dukani peke yangu, leo hatujafungua, na daftari nimelilaza juu ya rundo la sketi ambazo hazijapigwa pasi. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuo Mwanza. Mambo ya chandarua, ya kufunga begi lako bwenini, ya kutokwenda darasani bila kula, bibi yako Mayu ameshakuambia kwa simu tangu juzi na amerudia mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu ambalo nimekaa nalo miaka mitatu, na kila nikijaribu kulisema kwa mdomo nashindwa. Jumatano nilikuita jikoni nikiwa nimejiandaa kabisa. Ukaja, ukasimama na nyanya mkononi ukinisubiri, nikakuuliza kama chumvi ipo.

Kwa hiyo naandika. Mengine humu unayajua kwa sababu ulikuwepo. Moja hulijui, na ndilo linalonikalisha hapa. Ila nikianza na hilo peke yake nitaonekana mnyama, na nikieleza sana nitaonekana najitetea. Nitajaribu kulieleza lilivyotokea, basi.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, Masumbwe, nyumbani kwa mama yangu, Mayu. Baba yako alikuwa mchimbaji mdogo. Walikuja yeye na wenzake waliposikia dhahabu imetoka karibu na kwetu, na iliposikika imetoka kwingine wakaenda huko. Hatukugombana. Aliondoka asubuhi na sululu begani kama mtu anayekwenda kazini, na hakurudi. Ulipoanza kutembea nilikuacha kwa Mayu nikaja Kahama kutafuta kazi. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la nguo anatafuta msichana wa kuuza, lakini hakutaka mwenye mtoto. Alisema wenye watoto kila wiki wanaomba ruhusa, mara homa, mara kliniki. Akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema sina.

Uongo ule naweza kuueleza hata mbele ya padri. Nilikuwa na njaa, na wewe ulikuwa unahitaji uji. Tatizo ni kwamba niliuzoea. Miaka ikapita, nikapata fremu yangu mwenyewe ya duka, hii hii, na hapakuwa tena na mtu wa kunifukuza kazi. Lakini watu walikuwa wameshanijua kama dada asiye na mtoto. Wateja wangu walikuwa walimu, akina dada wa maofisini, na wake za watu wanaofanya kazi mgodi wa Bulyanhulu. Waliniita Madam Leo. Nilijifunza kusema "habari" nikiisimamia ile r, maana sisi wa kwetu tukijisahau tunasema "habali". Nilijifunza kucheka kama wao. Kila Krismasi nilikuja Masumbwe na mfuko wa nguo, nakuvalisha, nakupiga picha, na siku tatu baadaye narudi mjini na picha nimeifungia ndani ya simu ambapo mtu hawezi kuiona.

Wewe hukuwahi kulalamika. Mayu ndiye aliyekuwa akiniangalia.

Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri, Mayu alikupandisha gari uje kwangu. Hakunipigia simu. Sasa naelewa kwamba alifanya makusudi. Siku hiyo Mama Doreen alikuwa mbele ya kioo anajaribu suti ya rangi ya maziwa, nami nimepiga goti nyuma yake nampimia urefu wa sketi. Ukaingia na kiroba cha karanga kichwani na kuku wawili mkononi. Ukaviweka chini, ukapiga magoti yote mawili kwenye vigae kama ulivyolelewa, ukasema, "Shikamoo mama."

Mama ni neno la kila mwanamke mzima. Kama ungesema "mama yangu" nisingekuwa na pa kutokea. Mama Doreen alitabasamu akauliza, "Na huyu mgeni wetu ni nani?"

Nikasema, "Ni binti wa kazi. Nimeletewa kutoka kijijini."

Ulikuwa bado umepiga magoti. Uliniangalia, na nilikuwa nasubiri uniumbue. Ukageuka ukamwamkia Mama Doreen vizuri, ukainuka, ukachukua kuku ukaenda nao nyuma ya duka. Jioni nyumbani nilikueleza kwamba ni mambo ya biashara tu, kwamba wateja wa mjini wana tabia zao, kwamba ni kwa muda. Nilizungumza sana. Wewe ulisema, "Sawa mama," ukaanza kumenya karanga.

Ukawa dukani unaniita dada, nyumbani unaniita mama. Miezi minane. Nataka ujue kwamba niliona kila kitu ulichokifanya humu ndani, ingawa sikusema. Mimi nilikuwa nazipanga nguo kwa aina, magauni huku, blauzi kule. Wewe ulianza kuzipanga kama mtu anavyovaa: sketi, na blauzi inayofaa juu yake, na mkoba pembeni, na mteja aliyekuja kununua kimoja akatoka na vitatu. Watu wakaanza kusimama nje kuangalia midoli yetu ya kuonyeshea nguo. Walinisifu mimi. Nilipokea sifa hizo ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu na pasi mkononi.

Na ile habari ya pini. Nilikufundisha kuikaza nguo mgongoni mwa mdoli kwa pini ili kwa mbele ionekane imekaa mwilini. Kila duka linafanya hivyo. Ulifanya siku mbili, siku ya tatu nikakuta umezitoa zote, umebadilisha midoli umeivalisha saizi yake. Nilikuuliza kwa hasira. Ulinijibu kwa sauti ya chini, "Mteja akifika nyumbani hana pini." Nilikufokea mbele ya watu. Nilikuambia umetoka porini juzi huwezi kunifundisha kazi. Ulirudisha zile pini, moja moja. Nimeikumbuka siku hiyo wiki nzima hii, tangu uliponisomea ile karatasi ya chuo: biashara ya rejareja, kupanga na kuuza mavazi, kuhudumia wateja, kompyuta za awali. Nikawaza kwamba hilo la kwanza watakalokufundisha huko kuhusu mteja ulikuwa unalijua kabla hujaja mjini, na mimi nilikuaibisha kwa ajili yake.

Kuna jioni moja nyumbani uliniletea maji ya kunawa ukasema, "Dada, maji." Hukujirekebisha. Sidhani hata uliona. Mimi niliona, na nikanawa, na nikala.

Sasa nafika penyewe.

Mama Doreen alikupenda. Alikuwa anakuja hata kama hanunui, anakaa kwenye stuli anaongea nawe kuhusu nguo. Siku moja alikuja mchana, ulikuwa umekwenda sokoni. Akaniambia msichana wake wa nyumbani ameolewa, na yeye ana watoto wawili wadogo na kazi ya ofisi, na mumewe anakaa siku nyingi huko mgodini. Akaniomba nikuachie. Alisema hatakutesa, atakufundisha kompyuta jioni kwenye ile ya kwake, maana anaona kichwa chako ni chepesi. Nilitafuta sababu ya kukataa. Sababu ilikuwa moja tu, na ilikuwa rahisi: huyu ni mwanangu. Nikasema itabidi nifikirie.

Akasema, "Hapana, usifikirie wewe. Mtu wa kuombwa ni mzazi wake. Nipe namba ya mama yake nimwombe mwenyewe, mama kwa mama."

Nilikuwa nakunja kitenge. Nikaendelea kukunja. Nikasema, "Hana mama. Mama yake alifariki akiwa mdogo."

Hivyo ndivyo nilivyosema, Kabula. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema mama yake hana simu. Ningeweza kusema yuko mbali. Katika maneno yote yaliyokuwepo nilichagua hilo kwa sababu lilikuwa linafunga mlango, hakuna mtu anayeuliza zaidi baada ya hapo. Mama Doreen alishika kifua, akasema maskini mtoto, ndiyo maana ni mpole hivyo. Nami nikaitikia. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekuhurumia.

Sehemu iliyofuata unaijua. Nilikuambia utakwenda kwa Mama Doreen kwa muda, utajifunza kompyuta, na mambo yangu yakitulia nitakurudisha. Ulikunja nguo zako. Uliniuliza swali moja: "Nikienda huko niseme mimi ni nani?" Nikakujibu, "Sema vile vile." Ulipanda bodaboda na mfuko wako mapajani, hukugeuka nyuma, na mimi niliingia dukani kuhudumia mteja.

Wiki sita. Mama Doreen akija dukani alikuwa ananipa habari zako kwa furaha. Kwamba unaandika kwa vidole vyote, huangalii tena herufi. Kwamba umemtengenezea orodha ya vitu vya jikoni yenye mistari na safu, akaibandika ukutani. Nilikuwa nasikia habari za mwanangu kutoka kwa mtu mwingine na naziitikia kama habari za jirani. Nilikuwa napata wivu, kisha nakumbuka kwamba sina haki ya kuwa na wivu.

Halafu ukaumwa. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, duka limejaa. Mama Doreen alinipigia simu analia. Alisema malaria imekupanda kichwani, wamekufikisha zahanati, umewekewa dripu lakini unaweweseka. Akasema, "Madam Leo, njoo. Huyu mtoto anamwita mama yake. Tangu asubuhi anaita mama, mama. Mtu akimwita marehemu namna hii mimi naogopa."

Niliwaacha wateja dukani. Wengine walikuwa na nguo mkononi. Njia yote juu ya bodaboda sikuomba upone, Mungu anisamehe, maana sikuwa na wazo hata moja kamili kichwani. Nilifika. Ulikuwa umelala kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni, midomo imepasuka, macho wazi lakini hayaoni. Mama Doreen alikuwa anakufuta uso kwa kitambaa cha maji. Ukaita tena. Nikakushika mkono nikasema, "Niko hapa mwanangu. Mama yako niko hapa." Mama Doreen akadhani nakutuliza tu. Akaniambia taratibu, "Ndiyo, mwambie hivyo hivyo, labda atalala."

Hapo ningeweza kunyamaza, na kwa pumzi moja nilitaka kunyamaza. Nataka ulijue na hilo.

Nikamwambia, "Mama Doreen, simdanganyi. Nilikudanganya wewe. Huyu nimemzaa mimi."

Alichukua beseni akatoka nje, akakaa muda mrefu, akarudi na maji mapya. Homa iliposhuka jioni na ukalala kweli, tulitoka tukasimama penye ukuta wa zahanati. Nilikuwa nasubiri anitukane. Aliniambia, "Mwezi mzima nimemwombea mama yake pumziko la milele. Kimya kimya, nisimwumize mtoto. Kumbe nilikuwa nakuombea wewe." Nikamwomba asikuambie. Akaniangalia akasema, "Mimi sitamwambia. Lakini wewe utamwambia, siku utakayoweza."

Ni miaka mitatu sasa na hajawahi kuvunja neno lake, na hajawahi kuniuliza kama nimeshakuambia. Ulipopata nguvu na nikakurudisha nyumbani, ulifikiri nilikuja kwa sababu niliambiwa unaumwa. Nilikuja kwa sababu ulikuwa unaniita, na watu walikuwa wanaamini unaita kaburi.

Nilipokuwa nakuuguza nilikuuliza kwa nini hukusema ukweli hata siku moja, kule au hapa. Ulikuwa unakunywa uji. Ulisema, "Ungeaibika mbele ya wateja." Ulisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakuacha mlango wazi. Miaka kumi na minane ulikuwa unaninusuru na aibu, na mimi ndiye mama.

Baada ya hapo niliwaambia watu kwamba wewe ni mwanangu. Hukuwepo mara nyingi, kwa hiyo nikueleze: haikuwa kishujaa. Wa kwanza nilimwambia fundi cherehani wa fremu ya jirani, nikiwa namgeuzia mgongo. Wengine walisikia kwake. Kuna wateja waliacha kuja, na kuna waliozidi kuja ili waniangalie. Kuna mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya duka lililojaa kama ni kweli, nikasema ni kweli, na sauti ikatoka ndogo mno. Miezi ikapita ndipo nikaanza kuitwa Mama Kabula, na mara ya kwanza sikuitika, nilifikiri anaitwa mtu mwingine.

Kisha nikaenda Masumbwe kwa Mayu. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Nikamwambia yote, hata hili la kifo. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza, "Nilimtuma mtoto kwa mama yake. Alifika kwa nani?" Nikakaa pale chini mpaka jua likahama. Hakuniuliza tena, wala hakunifukuza. Jioni alinipa chakula. Sasa unajua kwa nini alikuwa haniongeleshi vizuri mwaka ule, maana ulikuwa unaniuliza sababu.

Wewe hukuniuliza mengi. Ulirudi dukani, ukatoa pini zote, na safari hii nilinyamaza. Uliingiza nguo zetu zote kwenye ile kompyuta kuukuu aliyokupa Mama Doreen, ukanionyesha jinsi ya kuona kipi kimekaa muda mrefu bila mnunuzi. Sikuelewa upesi, ukanirudia bila kukasirika. Nilikuwa nakaa pembeni yako naangalia vidole vyako, nafikiri: hiki amekipata katika nyumba nilikompeleka kama yatima. Hata kizuri chako kikubwa kimetokea kwenye ubaya wangu, na siwezi kukifurahia bila kuona haya. Hata habari za hicho chuo ni Mama Doreen aliyezileta. Mimi nilichofanya ni kusema nenda.

Wenzako huko watatoka Bukoba, Musoma, Mwanza mjini, wengine watakuwa na nguo na maneno usiyokuwa nayo. Mtu atakuuliza kwenu wapi, wazazi wako wanafanya nini. Sina ujasiri wa kukuambia ujibuje. Naweza kukuambia tu nilivyoona mimi: ile siku ya kwanza, kwa yule mama mwenye duka, kuujenga uongo kulinichukua muda wa kuvuta pumzi. Kuubomoa kumenichukua karibu umri wako wote, na leo bado nabomoa. Na ukitaka kusema mama yako ni muuza nguo wa Nyahanga aliyewahi kumkana mtoto wake, sema. Ni kweli, na ni yako kuisema.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ningekuomba ungejibu "sawa mama", nakujua, ungelisema kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu umezoea kunirahisishia. Safari hii usinirahisishie. Ukikasirika, kasirika. Ukikaa huko muhula mzima bila kunipigia simu, nitapata habari zako kwa Mayu, na nitajua kwa nini.

Nilikuwa nimepanga kuificha karatasi hii katikati ya nguo zako uikute Mwanza. Nimeona ni tabia ile ile. Nitakupa mkononi leo, kabla hatujala, na nitakaa mbele yako mpaka mstari wa mwisho. Una haki ya kuniangalia usoni unaposoma, na mimi nina wajibu wa kuangaliwa. Ukitaka kulala kwa Mama Doreen usiku wa leo, nitakubebea begi mpaka kwake.

Nakusikia hapo nje. Muuza chapati anakuuliza kama ni kweli unaondoka kesho, nawe unacheka, unamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Nafungua mlango.

Mama yako,
Leokadia